USALAMA WA KARTIE YETU: MKUTANO UNAWEZA NINI, HAUWEZI NINI?

Wanafunzi wenzetu, na ninyi wazazi ambao mnasoma gazeti letu nyumbani,

Wengi walituuliza sababu gani sisi wanne wa kundi la gazeti hatukuonekana kwa mpira ile siku ya posho. Tulikuwa kwa mkutano wa usalama wa kartie. Mwezi uliofuata tulirudi tena. Leo tunataka kueleza mkutano ule ni kitu gani, nani anaketi pale, na namna gani neno la mtu mdogo linaweza kufika kwa wakubwa. Lakini tuanze kwa kueleza kilichotupeleka.

Mwenzetu mmoja wa darasa la tatu pedagojia alikuwa na interro ya hesabu. Kwao umeme hauwaki usiku, juu ya delestaje. Alienda kusoma kwa rafiki yake, avenyu ya tatu kutoka kwao, ambako umeme unarudi jioni. Alipotoka ilikuwa saa nne za usiku. Juma lile wezi walikuwa wameingia katika malupango mawili ya avenyu ile, na watu walikuwa wakilala jicho moja. Imbwa alibweka. Mtu akapiga filimbi. Mnajua desturi yetu: filimbi ikilia, kila nyumba inapiga sufuria, na wanaume wanatoka na fimbo. Mwenzetu aliposikia makelele akakimbia, sawa kila mmoja wetu angekimbia. Walipoona anakimbia wakasema: “Njo yeye!”

Wakamuangusha. Alikuwa akilia: “Miye niko mwanafunzi! Miye niko mwanafunzi!” lakini nani anamsadiki mtu aliye chini? Mmoja alikuwa tayari anaulizia mpira wa gari. Kilichomuokoa ni mama mmoja muuza sombe, ambaye alitoka na tochi na kusikia sauti yake. Akajitupa kati yao: “Mwe bantu, uyu mutoto minamuyua! Ni mutoto wa jirani yangu!” Ndipo wakamuachia. Mkono wa kuume ulikuwa umevunjika. Daftari la hesabu lilipatikana asubuhi ndani ya mfereji.

Hatuandiki jina lake, yeye mwenyewe aliomba vile.

Hapa ku masomo hasira ilipanda. Wengine walisema: “Twende ile avenyu na majiwe.” Mwalimu wetu wa sivisme akatuacha tuseme yote, kisha akauliza: “Na mkisha kutupa majiwe, mtapiga nani? Mnajua ni nani aliyempiga?” Hakuna aliyejua. Akatuambia ya kama siku ya posho kuko mkutano wa usalama kwa biro ya kartie, na vijana wako na haki ya kusema pale. “Lakini msiende na mdomo mutupu,” akasema. “Mwende na karatasi.”

1. NGAZI YA WAKUBWA

Mtu hawezi kupeleka neno kama hajui mulango wa kugonga. Mji wetu wa Lubumbashi uko na komini saba: Lubumbashi, Kampemba, Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi na Annexe. Kila komini inagawanywa kwa makartie, na kartie kwa maavenyu. Kwa avenyu kuko mkubwa wa avenyu. Kwa kartie, mkubwa wa kartie. Kwa komini, burgumestre. Na juu ya mji wote, maire.

Wazee wetu wanakumbuka ya kama wakati wa Mobutu komini iliitwa “zone”, na mkubwa wake “commissaire”. Wakati ule chama kilikuwa kimoja tu, MPR, na watu waliitwa kwa mkutano kusikiliza maagizo na kupiga makofi. Kwa hiyo wazazi wengi hata leo wakisikia “mkutano wa kartie” wanasema: “Ni siasa ile ile.” Hatuwezi kuwakatalia, kwani waliona. Lakini inafaa tujue kilichogeuka.

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 iliweka komini kuwa na uwezo wake yenyewe: iko na mfuko, iko na kazi zake, inaweza kuamua. Kartie haiko vile. Kartie ni mkono wa komini. Haina mfuko wake. Tukimlilia mkubwa wa kartie atununulie taa za barabara, tunamlilia mtu ambaye mfuko wake uko mutupu. Yeye anaweza kuandika na kupeleka, na ndiyo kazi tunayopaswa kumdai.

2. MKUTANO HUU ULITOKA WAPI?

Tangu zamani kulikuwa kamati ya usalama. Lakini ilikuwa ya wakubwa peke yao: mwenye kutawala, polisi, askari, na watu wa upelelezi. Walifunga mulango na kusemezana. Watu wa kawaida walisikia matunda yake tu, mazuri ao mabaya.

Tarehe 11 Agosti 2011 ilitoka sheria mupya ya polisi wa taifa. Pamoja nayo lilikuja wazo la polisi wa karibu na watu, Wafaransa wanasema “police de proximité”. Wazo lenyewe ni sawa jiko la mafiga matatu. Figa la kwanza ni polisi, la pili ni wakubwa wa utawala, la tatu ni watu wenyewe. Ukiondoa moja, chungu kinaanguka. Walianza kujaribu katika miji mitatu: Bukavu, Kananga na Matadi. Kisha mwaka 2013 amri ya Waziri wa Kwanza iliunda baraza la usalama wa karibu, ambalo kifupi chake kwa Kifaransa ni CLSP. Linaongozwa na mkubwa wa pale. Kwa komini ni burgumestre. Mkubwa wa polisi yuko, na wajumbe wa watu wako pia: wanawake, vijana, mashirika. Kazi yake ni kuchungua taabu za usalama za mahali pale, kupanga dawa yake, na kutazama kama dawa ile imefanywa. Chini yake makartie yanafanya mikutano yao, na yale yanayowashinda yanapandishwa kwa komini.

Tusichanganye baraza hili na baraza la komini. Wajumbe wa komini wanachaguliwa na watu kwa kura. Tarehe 20 Desemba 2023 kura ile ilifanyika katika komini za miji mikubwa ya majimbo. Wao wanakata shauri. Baraza la usalama linatoa shauri tu. Haliwezi kumfunga mtu, wala kumhukumu, wala kumtuma askari. Linaweza kusema, kuandika, na kuuliza tena.

Tena tusidanganyane: kuko mambo ambayo yanapita nguvu yake mbali sana. Bukavu ulikuwa mmoja wa miji ile mitatu ya kwanza. Mwezi wa pili wa 2025 mji ule uliingia mikononi mwa M23. Mkutano wa kartie hauzuii jeshi. Lakini unaweza kuzuia fimbo ya jirani isimwangukie mtoto wa jirani, na sisi ndilo lilitupeleka.

3. TULIYOYASIKIA PALE

Mkutano ulikuwa chini ya muembe, nyuma ya biro ya kartie, kwani ndani hakukuwa fashi ya kutosha. Tulihesabu watu arobaini na zaidi. Mkubwa wa kartie aliongoza. Polisi alikuja mmoja, mwenye cheo, na daftari. Kuliko viti vichache kwa wazee, sisi tulisimama. Mwandishi alisoma kwanza PV ya mkutano uliopita, na sisi tulifikiri ni kupoteza wakati. Baadaye tulifahamu ya kama ndilo lililokuwa na maana kupita yote.

Neno la kwanza lilikuwa la mashimo. Watu wanachimba udongo wa kufyatua matofali, kisha wanaenda zao. Mvua ikinyesha, shimo linajaa maji, na watoto wanaogelea mule. Baba mmoja alisema shimo moja liko nyuma ya njia ya masomo, na mwenye lupango anajulikana. Pale neno lilienda mbio, kwani mahali palijulikana na mtu alijulikana. Mkubwa wa kartie akaandika: mwenye shimo aitwe, alifukie ao azungushie miti.

Neno la pili lilikuwa la nyaya za umeme. Katika malupango mengi watu wamejifungia umeme wenyewe, waya mmoja juu ya mwingine, mwingine umelala chini kwa majani. Mvua ya kwanza ikija, pale ni kifo. Hapa makelele yalikuwa mengi, sababu kila mmoja aliogopa lupango lake litajwe. Mzee mmoja akacheka: “Tukiandika wote wenye kosa hili, daftari litaisha, na jina langu ndilo la kwanza.” Watu wakacheka naye. Lakini hakuna kilichoandikwa isipokuwa “kampuni la umeme liombwe lije.” Sisi tuliona ya kama neno lililo na hatia ya wote linakimbiwa na wote.

Neno la tatu lilikuwa la giza. Na giza likaleta la nne, wezi. Pale watu walisimama.

4. SABABU GANI MWIZI ANAACHILIWA?

Mama mmoja alisema kwa sauti kubwa: “Tunachoka! Banamufungaka leo, kesho iko anatembea mu avenyu, anatuchekea.” Wengi wakaitika. Mwingine akaongeza: “Njo maana watu wanawasha mpira. Si ubaya, ni kuchoka.”

Mwenye cheo wa polisi akaomba ruhusa kujibu. Tuliandika maneno yake, kisha nyumbani tukayapima pamoja na mwalimu katika kitabu cha Katiba, na yalikuwa kweli. Tunayapanga hapa, kwani hayajulikani na wengi.

Katiba, kipengele cha 18, inasema mtu aliyekamatwa hawezi kukaa kwa polisi kupita saa 48. Saa zile zikiisha, ni lazima aachiliwe ao apelekwe mbele ya wenye sheria. Tena ni lazima aelezwe mara moja, kwa luga anayoisikia, sababu gani amekamatwa. Kipengele cha 17 kinasema kila mtu anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu imuonyeshe kuwa nayo.

Sasa, polisi anapeleka nini kwa parke? Anapeleka maandishi: nani alishitaki, nani aliona, kitu gani kiliibwa, wapi, saa gani. “Ninyi mnaniletea mtu amevimba uso,” akasema, “mnamtupa kwa mulango na kwenda. Asubuhi ninatafuta mwenye kushitaki, hakuna. Ninatafuta mushahidi, hakuna. Saa 48 zinapita. Nimpeleke na karatasi gani?” Watu wakanyamaza kidogo.

Ni kweli sheria inampa kila mtu ruhusa ya kumshika yule aliyekutwa akifanya kosa kubwa, kama mwenye sheria hayuko karibu. Hata yule ambaye watu wanamfukuza kwa makelele anahesabiwa sawa amekutwa. Lakini sheria ile ile inasema apelekwe mara moja kwa mkubwa aliye karibu. Ruhusa ni ya kushika na kupeleka. Ya kupiga haiko, ya kuchoma haiko. Na aliye chini ya miaka 18 anaenda kwa tribinali ya watoto, kufuatana na sheria ya 10 Januari 2009. Yule ambaye hajafika miaka 14 hawezi hata kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Wanafunzi wenzetu wengi wako ndani ya hesabu hii, na ndugu zetu wadogo wote.

Lakini mama yule hakunyamazishwa. Akajibu: “Bwana mkubwa, maneno yako mazuri. Lakini nikija kushitaki, ninaombwa franga ya karatasi. Franga hiyo ninaitoa wapi, na mwizi amekwisha kubeba sufuria zangu?” Mwenye cheo akatazama daftari lake. Hakujibu. Mkubwa wa kartie akasema: “Iandikwe.” Na mwandishi akaandika. Tunasema kweli: jibu halikupatikana siku ile. Lakini lilikuwa mara ya kwanza tunaona neno ambalo kila mtu analisema pembeni likisemwa mbele ya mwenyewe, na kutiwa kwa PV.

5. ZAMU YETU

Tuliposimama magoti yalitetemeka. Mmoja wetu alisoma karatasi. Tulikuwa tumeandika mistari kumi tu: siku gani, saa gani, avenyu gani, kilichotokea, na tunachoomba. Hatukutaja jina la mtu, juu hatukulijua. Tuliomba maneno mawili: filimbi isilie ovyo, na mtu akishikwa asipigwe, apelekwe.

Baba mmoja akasimama nyuma. Tulifikiri atatutukana, kwani mtu mkubwa kusemwa na watoto mbele ya watu si desturi. Akasema polepole: “Filimbi ile, niliipiga miye.” Kimya kikaingia. Akaeleza ya kama juma lile wezi walikuwa wameingia kwake, walichukua mashini ya kushona ya bibi yake, ile ambayo ilikuwa inalipa masomo ya watoto. Tangu usiku ule hakulala. Aliposikia mbwa hakuuliza. “Sikumpiga miye,” akasema, “lakini niliita wale waliompiga. Mutoto wangu naye anasoma ku masomo yale yale. Siku ile angeweza kuwa yeye.” Akaketi.

Sisi tulikuwa tumekuja na hasira, na kwa kweli hasira haikuisha yote. Mwenzetu alikuwa angali na plasta. Lakini tulikuwa tukifikiri tutakuta adui pale, tukakuta mzazi ambaye mashini yake imeibwa. Yule muuza sombe alikuwapo pia. Yeye hakusema neno refu. Aliuliza tu: “Na kama ningekuwa nimelala?”

6. YALIYOAMULIWA, NA YALIYOFANYIKA

Mkutano uliamua mambo matano kuhusu usiku. Moja: kila avenyu ichague watu wanaojulikana wa zamu ya usiku, na majina yao yapelekwe kwa mkubwa wa kartie na kwa polisi. Wasiwe na panga wala bunduki. Katiba, kipengele cha 190, inakataza mtu kujiundia jeshi lake, na zamu yenye silaha inaanza vile vile kidogo kidogo. Mbili: filimbi moja fupi iwe “amkeni, tazameni”; filimbi tatu ndefu ziwe “njooni”. Tatu: mtu akikutwa njiani usiku aulizwe kwanza jina na kwao, na mtu mmoja akimjua, aachwe. Nne: aliyeshikwa apelekwe usiku ule ule kwa polisi, na wawili kati ya walioona wabaki kutoa ushahidi. Tano: mwanafunzi anayesoma kwa jirani usiku alale kule kule, ao asindikizwe na mkubwa.

Mwezi uliofuata tulirudi. Mwandishi akasoma PV. Ndipo tukafahamu kazi yake: kila mstari uliposomwa, mkubwa wa kartie aliuliza, “Limefanywa?” na mwenye neno alipaswa kujibu mbele ya watu wote. Hakuna njia ya kusema “nilisahau” mara tatu.

Shimo nyuma ya njia ya masomo: limezungushiwa miti, lakini halijafukiwa. Mwenye lupango aliomba mwezi mmoja tena. Nyaya: kampuni la umeme halijaja, barua imepelekwa kwa komini. Zamu ya usiku: maavenyu matatu yamechagua watu wao, mengine hayajachagua. Filimbi: kila mtu sasa anajua fupi na ndefu, hata watoto wanaimba. Franga ya karatasi: burgumestre amepata neno lile katika baraza la komini, jibu linangojewa. Mashini ya kushona haijapatikana. Wale waliompiga mwenzetu hawajajulikana wote. Wawili walikuja kwa wazazi wake na mkubwa wa avenyu, wakaomba musamaha, wakatoa sehemu ya franga ya matibabu. Wazazi walipokea. Kama wanataka kushitaki, haki yao ingali iko. Musamaha wa nyumbani hauiondoi.

Si mengi, tunakubali. Lakini katikati ya mikutano ile miwili mtu alikutwa tena usiku katika avenyu ile ile. Filimbi fupi ililia. Walimuuliza. Alikuwa fundi wa baiskeli ambaye alichelewa kazini. Wakamsindikiza mpaka kwao.

7. NAMNA YA KUPELEKA NENO

Tuliyojifunza tunayafupisha hapa, ili atakayekwenda asirudi mikono mitupu.

Kwanza, sema mahali na saa. “Kuko wezi wengi” ni kilio tu, hakuna wa kukishika. “Tangu juma mbili, kati ya saa mbili na saa nne za usiku, kwa kona ya pompi ya maji, wanawanyang'anya wanawake simu” ni habari ambayo polisi anaweza kupanga nayo kazi.

Pili, usimtaje mtu kwa kusikia. Jina likisemwa chini ya muembe linafika avenyu yote kabla ya jua kuingia, na kulirudisha haiwezekani. Kama uko na jina na ushahidi, uupeleke kwa polisi, si kwa mkutano.

Tatu, omba kitu ambacho yule unayemuomba anaweza kukifanya. Mkubwa wa kartie anaweza kuita mtu, kuandika barua, kupanga salongo ya kukata majani ambamo wezi wanajificha. Taa za barabara na gari la zimamoto umuombe burgumestre, tena kwa maandishi.

Ine, angalia neno lako liingie kwa PV. Kabla ya kutoka, umuulize mwandishi alisome. Neno lisiloandikwa linakufa pale pale.

Tano, rudi. Wengi wanakuja mara moja, wanalia, wanaenda, kisha wanasema mkutano hauna faida. Watu wa mashimo walipata miti yao kwa sababu baba yule alirudi mara tatu.

Kuna swali moja ambalo hatujalimaliza kati yetu. Mmoja wa kundi letu anasema zamu ya usiku ingefaa ikatazwe kabisa, polisi wafanye kazi yao. Mwingine anasema polisi ni wachache na usiku ni mrefu, na watu hawatakubali kukaa bure. Ninyi mnasema nini? Andikeni mistari michache na kuitia ndani ya sanduku la gazeti, kwa mulango wa biblioteki. Tutaichagua ile iliyo na maana na kuitia katika namba ijayo.

Mwenzetu amerudi darasani. Interro ya hesabu aliifanya kwa mkono wa kushoto, na mwalimu alimpa saa moja zaidi. Mkutano ujao ni siku ya posho ya kwanza ya mwezi, chini ya muembe ule ule. Yeye mwenyewe amesema atakuja. Tunatafuta watatu ao wane wa kumsindikiza. Wenye kutaka waandikishe majina yao kwetu kabla ya siku ya ine.

Kundi la gazeti